Droo ya Tatu

Kabati la Bibi Mwanaidi limefika Magomeni kwa guta,
mguu mmoja umefungwa kamba ya manila.
Nimelilaza uani juu ya magunia,
nikaanza na msasa namba sitini.

Rangi ya kwanza kutoka ni kijani, ile ya mjomba Shomari
aliyoitoa ghalani kazini, asiulizwe.
Chini yake maziwa. Chini ya maziwa, buluu
ya mwaka ule ambao kila mlango mtaani ulikuwa buluu.
Vumbi limenipaka nyusi. Jirani anachungulia:
"Kumbe leo unachuna mbuzi?"

Halafu mninga.
Mwekundu, wenye mishipa,
kama mtu aliyevutwa shuka usingizini.
Fundi Mbaraka wa Keko alishanionya kwa simu:
mninga haupakwi rangi, dada, unapigwa vanishi tu.
Nikamwambia sawa.
Lakini kopo la njano nilikwisha kulinunua,
na macho ya mama siku hizi yanashika njano tu,
na ni yeye atakayekuja kupapasa vikombe alfajiri.

Nikapaka.

Droo ya tatu niliipindua ning'oe misumari.
Kwa penseli, mwandiko wa kulala:
*Sukari ratili mbili, Binti Kombo, hajalipa.*
*Mafuta ya taa, Binti Kombo, hajalipa.*
*Binti Kombo. Asidaiwe. Kafiwa na mume.*

Nimekunja msasa, nimenawa mikono.
Hiyo nimeirudisha kama ilivyo;
inakwama kidogo ukiivuta.