Herufi Tisa

Fundi wa maandishi hulipisha kwa herufi.
Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kokoto,
hapa mlangoni pangu, machimboni Manda:
WALIOKUFA, herufi tisa.
WALIOUAWA, herufi tisa.
Bei ni ile ile.
Basi kamati isiniletee habari ya gharama.

Mchana kule shimoni hakuna kabila.
Vumbi la mawe humpaka kila mtu chokaa,
kope, masikio, mpaka ulimi.
Ukimtazama Makokha ni Kenga, Kenga ni Mutisya,
na punda naye ni ndugu yao.
Ndiyo maana usiku ule, walipokuja wenye tochi,
rangi iliwakatalia.
Ikabidi waulize.

"Kwenu wapi?"

Swali hilo nimeulizwa kisimani
nikajibu huku najitwika ndoo.
Kenga aliniuliza siku ya kwanza, kwa haya,
akalifuata jibu langu mpaka Ganze
na mbuzi wawili wa kukopa.

Usiku ule jibu lilikuwa na pande:
wenyeji kushoto, watu wa kuja kulia.
Shee wa Kizingitini aliambiwa, wewe wetu, pita.
Akasema, nimekula nao sinia moja.
Mamake hajamsamehe mpaka leo.
"Hatua tatu tu," hunong'ona, "hatua tatu kushoto,
saa hizi ningekuwa nampikia."
Hatumwambii kwamba mwanawe ni shujaa.
Tunamshika mkono tu, tukipanda boti ya kwenda mahakamani.

Kesi imeahirishwa mara kumi na moja.
Mara hakimu mgonjwa, mara faili liko Malindi,
mara faili limerudi na kurasa hazikurudi.
Karani, kijana mpole, kalamu sikioni,
huanza kila safari:
"Jina? Kitambulisho? Kwenu wapi?"
Na kila safari Nafula, mjane wa Makokha,
hutoka nje akatapike.

Wameandika: ugomvi wa vibarua.
Vibarua gani hao wa kupangwa kwa lafudhi?
Kizimbani yupo mmoja, mwembamba, anatazama viatu vyake.
Aliyeshika panga tumemwona.
Tunamuulizia aliyemlipia nauli,
aliyesimama na kipaza sauti wiki mbili kabla
akasema magugu hayajadiliwi, hung'olewa.
Huyo hana namba ya kesi.
Huyo alituma ubani,
elfu tano kila nyumba, ndani ya bahasha.
Yangu sijaifungua.
Nimeikunja chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba
na meza imetulia. Kwa hilo namshukuru.

Sasa kamati inataka jiwe la ukumbusho,
dogo, la adabu, lisilowaudhi wageni.
*Kwa kumbukumbu ya waliokufa, watu saba.*
Saba ni hesabu ya matofali, bwana mwenyekiti.
Kenga alikoroma. Alidaiwa mia tatu dukani.
Ndevu zilimwota shavu moja tu
na hakukubali kunyoa.

Kufa, mnazi hufa.
Babu yangu alikufa, usingizini, ameshiba.
Kuuawa kuna mtenda.
Namtaka mtenda.

Jiwe tumelikata wenyewe, shimo lile lile
lililotoa kuta za hoteli, na za mahakama.
Majina saba. Chini ya kila jina
mtu alipendekeza tuandike kwao:
Ganze, Kitui, Bungoma.
Nafula akasema mkiandika hivyo nalivunja kwa nyundo,
mtakuwa mmewauliza tena.
Mwingine akasema basi tuandike *kwao hapa*.
Mama wa Shee akasema hapa palipomla? Acheni wazi.
Tumebishana siku tatu, chai imepoa, jua limezunguka.

Fundi amechutama na patasi yake.
Neno tulilokubaliana mpaka sasa ni moja.
Gonga, fundi.
Herufi tisa.