Mraba wa Usifute

Chuo chetu kilianza kama deni.
Saa kumi na moja jioni, watoto wa sekondari wakishatoka,
baba yangu, Anton Hrivnak, mfagizi,
alifungua milango mitatu, si minne:
mkataba ulisema mitatu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako,
na kweli, magoti ya watu wazima
yaligonga chini ya madawati ya wana wa miaka kumi na mitatu,
na kwenye kona ya ubao mwalimu wa mchana
aliacha hesabu ndani ya mraba,
na juu yake neno moja: USIFUTE.
Basi Ugiriki nzima, vita vyake na miungu yake,
ikafundishwa kuuzunguka mraba ule.

Walikuwa thelathini na mmoja, mwaka hamsini na nane,
Tarlow, ukingoni mwa mto Ohio.
Walitoka zamu ya kiwanda cha masinki
na udongo mweupe kwenye kucha, kwenye nyusi,
kwenye kurasa walizozigeuza kwa kidole kilicholambwa.
Mhadhiri, Bwana Prosser, aliendesha gari maili tisini
kila Jumanne kutoka makao makuu.
Theluji ilipomzuia, baba alisimama mlangoni na ufagio:
"Kaeni. Someni chochote.
Boila nimeshaliwasha,
na makaa yakishaungua hayarudi ghalani."

Ardhi ilitoka kwa mjane, Hilda Stohlmeyer.
Ekari arobaini za mahindi kwa dola moja
na sharti moja: ng'ombe wake wasiguswe
mpaka baridi iishe.
Kwa hiyo jengo la kwanza lilifunguliwa
ng'ombe kumi na wawili wakichungulia maabara ya kemia,
na mkubwa mmoja mwenye joho alikata utepe
akiwa amekanyaga alichokanyaga.
Picha ipo ukumbini.
Imekatwa kuanzia magotini.

Halafu mwaka ule.
Tanuri la mwisho lilizimwa mwezi wa Machi
na kufikia Septemba maegesho yetu
yalijaa kuliko ya kanisa siku ya Pasaka.
Makao makuu wakauita ukuaji.
Wakachora mshale unaopanda.
Mimi nilikuwa uuguzi, mwaka wa kwanza,
na mbele yangu alikaa Lowell Tackett, miaka hamsini na miwili,
aliyekuwa akisoma joto la moto kwa rangi yake tu,
sasa anatafuta mshipa
kwenye mkono wa mpira.
Sindano ilitetemeka. Akaiweka chini, akafuta jasho, akaichukua tena.
Usiniulize habari za mshale.

Yakaja majengo: maktaba, ukumbi wa mazoezi,
na jumba lenye jina la benki
iliyofilisika kabla rangi haijakauka.
Bweni halikuja. Kila mwaka liliahidiwa,
kila mwaka tulioneshwa mchoro uleule
wenye miti ambayo haioti huku.

Sasa nafundisha mimi. Milango inafunguka kwa kadi.
Zinakuja barua zenye maneno laini, "kuunganisha", "kupanga upya",
na nusu ya wanafunzi wangu ni nyuso kwenye kioo.
Pabitra Dahal hutoka kwenye ghala la vifurushi alfajiri,
huegesha hapa nje na kusomea ndani ya gari,
kwa kuwa mtandao wa chuo unafika mpaka mstari wa tatu
na nyumbani kwao wamelala saba.
Siku moja aliingia, akauliza
kwa nini naacha mraba mtupu kwenye kona ya ubao.
Nikamwambia: hapo pana mwenyewe.

Baba alipofariki nilipewa kopo la funguo.
Hazifungui kitu; sekondari ile ni uwanja wa nyasi.
Chini yake palikuwa na karatasi ya kufungia mkate
na hesabu ya mraba ule, kaikopi kwa penseli,
neno USIFUTE pia kalikopi, kwa uaminifu.
Jibu limekatwa mara mbili.
La tatu halikukatwa.
Nimelikagua usiku mmoja, peke yangu, darasani.
Si sahihi.
Limekaribia.