Hapa, Huku, Humu

Siku ya tatu kiti cha nyuma cha Anaeli Nanyaro,
daftari gotini, kinasa sauti mfukoni mwa koti.
Nimetumwa na maswali kumi na manne
kuhusu mshale wa buluu.

Simu yake kaifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli
juu ya tundu la hewa lisilotoa hewa.
Mshale unasema: elekea kaskazini, mita mia tatu.
Yeye anasema: "Tunapanda."
Kwake Arusha ina pande mbili, kupanda na kushuka.
Hata Meru ukijifunika mawingu tangu alfajiri
anaujua kwa gia:
gari likianza kulalamika, mlima uko mbele.

Naandika: dereva hatumii dira.
Nafuta.
Naandika: dira yake ni mguu wa kulia.

Swali la nne. Sauti ikikwambia kata kushoto, unafanya nini?
"Naizima."
Kwa nini?
"Abiria akisikia naelekezwa, ananiona mgeni.
Akiniona mgeni, anaanza kunielekeza yeye.
Hapo tuna madereva watatu, usukani mmoja."

Sakina, simu inaita.
"Uko wapi, mama?"
"Nipo hapa."
"Hapa wapi?"
"Si hapa hapa, kwenye mkaratusi!"
Ramani imemchomeka katikati ya korongo.
Mkaratusi ulikatwa walipopanua barabara,
lakini Anaeli anakwenda moja kwa moja
mpaka kwenye kivuli ambacho hakipo,
na mama yupo, amesimama juani
na kiroba cha parachichi, anatulaumu kwa kuchelewa.

Usiku, chumbani kwangu Kijenge, nasikiliza tena.
Mara sitini na moja: hapa, pale, huku, kule, humu.
Mshale wetu unajua "pa" peke yake,
nukta, ncha ya sindano.
Haujui "ku", kule Morombo
ambako nyumba huota kabla ya majina ya mitaa,
kunakofikika kwa kuuliza, na kuuliza tena.
Wala "mu", mle vichochoroni Unga Limited
ambamo masika yakishuka njia huwa mfereji,
na mfereji unajua kuliko wewe unakokwenda.

Swali la kumi na moja.
Kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani?
Akanitazama kiooni.
"Nikisema tano mtaacha kutengeneza.
Nikisema moja mtasema sikusoma.
Andika tatu.
Na wewe dada, umewahi kuendesha?"

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu.

Jioni moja tukishuka Njiro
mshale ukatupa njia ya mkato: dakika nne pungufu.
Akaipita.
Nikauliza, kalamu tayari.
"Ile ina geti. Mlinzi hufunga saa mbili."
Kisha, taratibu,
"Na ndipo alipoangukia Godlisen na pikipiki yake."
Kwenye kinasa kuna sekunde kumi na moja
za kiashiria tu, tiki, tiki, tiki,
kushoto, ingawa hatukuwa tunakata popote.

Jedwali langu lina safu ya sababu:
foleni, ubovu wa barabara, usalama, mengineyo.
Niliweka mengineyo.
Bado naona haya.

Ripoti ikafika kurasa ishirini na sita.
Mkutanoni walipenda ukurasa wa pili:
mshale uongezwe unene.
Umeongezwa. Ni mzuri, unaonekana hata juani.

Jumamosi iliyofuata mvua ikanikuta Mianzini,
nikaita gari. Pini ikaganda upande wa pili wa barabara.
Simu ikalia, sauti nisiyoijua:
"Uko wapi, dada?"
"Nipo hapa."
"Hapa wapi?"
Nikageuka huku na huku, maji yakiniingia kolani,
nikitafuta kitu chochote kilichokatwa.