Sikio Lisilotobolewa

Dona Erondina hakufundishwa kuchonga.
Kisu chake kilitokana na msumeno uliokatika,
mpini kaufunga kwa mpira wa baiskeli.
Alipoagizwa pafu kwa mara ya kwanza
alikwenda buchani kwa Gumercindo,
akaomba la mbuzi, akalitazama
mpaka nzi wakachoka.

Watu walimjia kutoka bara kavu la Sertão:
goti lililopona, titi lililopona,
kichwa kilichoacha kuuma usiku.
Kila kiungo kilitaka pacha wake wa mti,
apelekwe kanisani mlimani,
aning'inizwe darini kwenye chumba cha miujiza.
"Hii si sanamu," alisema. "Ni risiti."

Mama akamleta Lucineide,
miaka mitano, kiziwi tangu surua.
Akaagiza sikio.
"Amepona?"
"Bado."
"Risiti haitangulii."
Mama hakulia. Alikaa juu ya maranda,
akala muhogo wake humo humo,
hakuondoka.

Basi likachongwa, la umburana,
mti laini wenye harufu ya mdalasini:
mikunjo yote, ndewe, hata kovu dogo la upele.
Tundu, hapana.
"Siku atakayosikia, nirudishieni.
Kulitoboa ni msumari mmoja tu, sitawatoza."

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Hili halikufa. Halikuwa limezaliwa.

Nilichokiona mimi, nikiwa na miaka tisa,
ni kiganja cha dada yangu juu ya benchi:
kila nyundo ilipogonga, alicheka.
Bibi akagonga tena, polepole.
Akangoja. Akagonga mara mbili.
Kesho yake alituma mtu amwite.

Erondina alizikwa mwaka wa tatu wa ukame,
jeneza la mbao za sanduku la sabuni.
Kisu sasa ni cha Lucineide.
Hajasikia hata radi.
Anachonga miguu ambayo, wateja wanasema,
inataka kuondoka yenyewe.

Alikuja bwana mmoja wa makumbusho, kutoka pwani,
akataka kulinunua sikio lile. Akataja bei,
akaiandika kwenye karatasi, akaipigia mstari.
Dada yangu alicheka, akalilaza chali mezani,
akarudisha chaki yake ndani ya mkunjo,
pale inapokaa siku zote.

Mimi ndiye ninayeamka usiku nikaenda kulipapasa
kwa kidole, kutafuta tundu.