Nusu Alama

Mwajabu, beba pasipoti, si kadi ya kura.
Mimi walinigeuza mlangoni kwa hilo mara ya kwanza,
nikarudi Chumbageni kwa miguu, ada imeshaliwa:
mishahara miwili ya muuguzi wa zamu za usiku.

Chai unywe mapema, na kidogo.
Choo kinaombwa kwa kunyoosha mkono, kama darasa la pili.
Saa iache nyumbani. Hirizi ya bibi nayo iache,
msimamizi ataifumua akidhani ina majibu.

Utaanza kusikiliza.
Mwanamke anapiga simu, anatafuta chumba cha kupanga,
anataja namba ya nyumba, kisha anajisahihisha,
na wewe umeshaiandika ile ya kwanza.
Harudii. Si Mama Singano wa Makorora
anayekuelekeza njia mpaka umwambie basi, nimefika.

Kusoma, kurasa ndefu: nyuki, vioo, barafu inayotembea.
Kuna jibu la kweli, kuna la uongo,
na la tatu ndilo lililonitesa: haikutajwa.
Sisi tumelelewa kuyasikia yasiyotajwa.
Mgeni akisema nilikuwa napita tu,
tunaongeza unga kwenye sufuria.
Kwao, kisichotajwa hakipo. Weka alama, funua ukurasa.

Kwenye kuandika utapewa mstari
wa bei ya samaki, nchi usiyoijua.
Sema umepanda, umeshuka, umetulia. Basi.
Mimi nilieleza kwa nini ulishuka,
nikawahurumia wachuuzi aya nzima.

Kuongea ni ghorofani, meza moja, watu wawili,
dirisha linatazama mabati ya Ngamiani.
Kadi yangu ilisema: mweleze mtu aliyekufundisha jambo.
Dakika moja ya kufikiri, mbili za kusema.
Nikamchagua kaka Sheiza,
aliyenifundisha baiskeli barabara ya kumi na mbili,
akishika kiti nyuma, akinidanganya kuwa bado ameshika.

Nyumbani tunasema ametutoka.
Tunasema amepumzika, Mungu kampenda zaidi.
Miaka sita nilikuwa nazunguka humo
kama mtu anayetafuta mlango wa uani.
Kiingereza changu hakina uani.
Kilikuwa na neno moja, fupi, la darasa la tatu,
nikalisema. Kaka yangu amekufa.
Likatoka lote, halikunikwaruza koo,
na mimi ndiye niliyeshtuka.

Mtahini akatazama saa yake.
Akauliza, kama karatasi ilivyomwagiza:
na siku hizi bado unaendesha?

Majibu yalikuja siku ya kumi na tatu.
Kuongea nilizidisha kuliko walivyotaka.
Kuandika nilipungukiwa nusu alama,
nusu, Mwajabu, kama kipande cha limau.
Na hata hizo nilizopata zinachacha:
miaka miwili, kisha hujui tena Kiingereza.

Kwa hiyo penseli mbili, na kifutio kisichochafua.
Kadi ikiuliza mtu, usimchague uliyempenda.
Au mchague. Sijui.
Mimi nimelipia tena, Jumamosi hiyohiyo yako.
Tukikutana pale mlangoni tusiulizane
habari za nyumbani, za watoto, za kuamka;
nipungie tu mkono, upite.
Wanafunga saa tatu kasoro robo.