Viti vya Vyuo Vitatu

Fomu i juu ya meza, kalamu ingali wima,
Achari aigeuza, mama juani asema:
"Kitu gani chakukwaza? Siku zaisha, Naima.
Jaza, wacha kutetema, kwani hati ya mauti?"

Nami nina langu jina, nililopewa shuleni:
Naitwa mhafidhina, tena kwa cheko puani.
Kamusi nikaiona, nikalisoma kinani,
Hifadhi imo tumboni, kama kokwa iko kati.

Ndiyo kazi ya mamangu: embe, pilipili, ndimu,
Atia chumvi kwa chungu, hungoja siku zitimu.
Kipimo cha bibi yangu ndicho hicho, cha kudumu,
Chupa ndiyo yenye zamu, ladha bila tofauti.

Nilisema darasani: "Paa likivuja maji,
Kapande kwanza darini, muulize mjengaji.
Kuta zina kosa gani, hata aje mvunjaji?
Huenda ikahitaji msumari tu na bati.

"Serikali vile vile, deni msiwape wana.
Mila zisiwe kelele za kuchekwa na vijana.
Kodi ikizidi tele, duka hufungwa mchana."
Vicheko vikashikana, nikajifunga sauti.

Cha kwanza kiko Kizingo, nalikwenda Jumamosi,
Nikalakiwa na bango: "Ya kale sasa ni basi."
Kijana penye mlango alinipa karatasi:
"Weka sahihi upesi, kuuliza si wakati."

Matusi sikuyaona, kusema kweli na haki,
Ila meza ya mchana nalila bila rafiki.
Viti sita vilinuna, na pilau haishuki.
Mgeni hafukuziki, huachwa na vyake viti.

Cha pili, ng'ambo Likoni, huko napo heko heko!
Nikalakiwa langoni kwa soda na kwa kicheko:
"Wewe wetu, njoo ndani, pumua, hapa ni pako."
Moyo ukapata deko, nikaihisi bahati.

Nikayataja ya kodi, "Ndiyo," wakaitikia.
Nikazidisha juhudi, upuuzi nikatia:
"Hata papa wana kadi, chamani wameingia!"
Makofi yakanilia. Nikaogopa umati.

Hapana aliyepima neno kabla ya kumeza.
Nikakumbuka ya mama, jikoni akinijuza:
"Embe tupu, hata njema, siku tatu itaoza.
Siki ndiyo huikaza, kuumwa ndiyo shuruti."

Cha tatu, nyuma ya reli, Changamwe, hakina lango,
Kimechoka, si mahali pa picha wala mabango.
Mwakio, bingwa mkali, kashuka kwenye ulingo,
Kwa kijasho na maringo, amekunja lake shati.

Kanena: "La paa lako nimelisikia vyema.
Sikubali hoja yako, nitaipinga daima.
Huenda msingi huko umeoza tangu nyuma.
Lakini rudia, sema, nikupinge tukiketi."

Kavuta kiti kibovu, mguu wafungwa kamba,
Tukabishana kwa nguvu, saa nzima, tukitamba.
Akanigusa pa kovu, hoja mbili zikayumba,
Moja ilibaki mwamba, nikaishika kwa dhati.

Yeye hutunga ya huru, vina aviita pingu,
Mizani kwangu ni nuru, na ngazi ya nyumba yangu.
Hakunitoza ushuru kuvuka na vina vyangu:
Kasoma shairi langu hadi wa mwisho ubeti.

Mama, fomu naijaza, Changamwe nambari moja.
Si kwamba watanituza, wala tu kitu kimoja,
Bali wataniuliza, na jibu watalingoja.
Kweli, mama, si kioja, wala hati ya mauti.

Achari nitachukua, na nyundo na misumari.
Jambo nililogundua, Mwakio hatalikiri:
Yote ataka pindua, na kiti kakisitiri,
Kakifunga kwa hadhari: mhafidhina wa kiti.