Mtungi wa Kijani

Waliposema kaeni nyumbani
tulikuwa tumeshakaa, watu tisa
katika chumba kimoja kinachoelea juu ya magogo,
Belén, upande wa chini wa Iquitos,
ambako mto ukipanda nasi twapanda
na ukishuka twashukia matopeni.
Mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, redio ikasema.
Binti yangu Deysi akachukua uzi wa nyavu,
akapima chumba, akahesabu vichwa, akacheka:
"Mama, watano walale mtoni."

Naweni kwa maji safi, redio ikasema.
Maji tunayo. Yamefika mlangoni,
rangi ya chai iliyolala;
yamepita kwa majirani kabla ya kufika kwetu
na yana mengi ya kusimulia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja kwa ndege,
maana barabara ya kufika huku hakuna,
ni mto au ni mbingu,
na mbinguni sisi hatujawahi kukata tiketi.

Baba yangu, Segundo Huaymacari,
alibeba mikungu ya ndizi bandarini miaka arobaini,
miwili begani, mmoja kichwani, ngazi themanini za matope.
Mwezi wa tano kifua chake mwenyewe
kikamshinda kukibeba.

Nesi alitoka getini amevaa mfuko wa taka,
tundu la kichwa, matundu ya mikono.
"Vitanda vipo," akasema. "Hewa njooni nayo."
Kama mtu aliyealikwa karamuni
akaambiwa aje na wali.

Niliuza friji.
Niliuza injini ya mtumbwi.
Kilichopungua nikamkopa Bwana Eleuterio,
ambaye hacheki na mtu wala hamtukani mtu,
huandika tu.

Ng'ambo ya mto msitu umesimama,
majani juu ya majani hadi Brazili.
Wageni huja kuupiga picha
na kutuambia, kwa Kihispania cha kuokoteza:
ninyi mnaishi ndani ya mapafu ya dunia.
Nilipanga foleni saa kumi na nne
ndani ya mapafu ya dunia,
nimekumbatia chuma kitupu.

Usiku baba alikodolea macho mshale wa kipimo.
Akaanza kupumua kwa ubahili,
kama mtu anayekula cha kuazima.
Kisha akanyoosha mkono, akaifunga koki.
Nikaifungua.
Akaifunga.
Nikaifungua.
Hatukubishana. Maneno nayo yanakula hewa.

Nililala kidogo tu, nimeketi.

Kulipokucha mshale haukuwa umefika sifuri.
Zilibaki pumzi za saa mbili, labda na nusu.
Zoila wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni,
hakuomba, alisimama tu,
na mwanawe nyuma yake akikohoa ndani ya kanga ya mtumbwi.
Nikamwambia, shika huku, ni mzito.

Chanjo?
Habari yake tuliisikia kama sherehe ya ng'ambo:
vishindo vya ngoma, harufu ya nyama, hakuna mwaliko.
Kuna nchi, redio ikasema,
zimenunua dozi tano kwa kila kichwa.
Deysi akauliza,
"Kwani huko mtu ana mikono mingapi?"

Mtungi ungali hapa kando ya jiko.
Deysi huugonga kwa kijiko chakula kikiiva
na watu wanane huja kula.
Jumamosi Bwana Eleuterio hupiga hodi,
barakoa kidevuni, daftari kwapani.
Namhesabia soli ishirini.
Nalipia pumzi ambazo baba alizivuta,
na zile alizozikataa,
na zile zilizokwenda kwa Zoila,
ambazo zina miaka saba sasa na zinajua kuogelea.

Nimepiga hesabu.
Nitamaliza Deysi akiwa na miaka kumi na tisa.
Mwezi ujao anatimiza kumi na mbili.